Milimita Thelathini na Sita

Boriti ya kwanza ya gati jipya ilikuwa yetu, mimi na Shemeji. Yeye, mume wa dada yangu, ndiye aliyeimwagia zege. Mimi ndiye fundi wa kukaza nyaya za chuma zinazopita tumboni mwake. Gati la zamani la kiwanda cha meli lilikuwa limezama nusu, na boriti nyingine kumi na moja zilisubiri hii ifanikiwe. Tangu asubuhi moyo ulikuwa unanidunda kwa raha tu.

"Shemeji, leo usiongee sana, utaipasua," nilimwambia akishika pampu ya jeki.

"Wewe paka rangi yako."

Nikapaka alama kwenye waya, jeki ikavuta, geji ya nguvu ikapanda mpaka mstari mwekundu. Waya ulitakiwa urefuke milimita mia moja na themanini. Nilipima mara tatu: mia moja arobaini na nne.

Mhandisi mkuu, aliyekuwa akisimamia kazi, hakuzungusha maneno. "Zege limepenya kwenye bomba la kupitishia waya, waya umenasa. Boriti ivunjwe, na aliyemwaga atafute kazi kwingine."

Shemeji akanywea. Kibarua chake kilikuwa kinaota nyasi mbele ya macho yangu. Nikamkasirikia Mhandisi, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Kwa pupa na utani wetu, nilikuwa nimepaka alama wakati Shemeji ameshavuta kidogo kuondoa ulegevu wa waya, sehemu moja kati ya tano ya nguvu yote. Milimita thelathini na sita zilikuwa zimepita kabla ya rangi yangu.

"Kosa ni langu, si lake," nikasema mbele ya kikosi kizima. "Nilichelewa kupaka."

"Unamtetea ndugu yako," Mhandisi akasema.

"Basi tuangalie chini. Waya ukikaza kweli, boriti inapinda mgongo, katikati inanyanyuka kutoka sakafuni. Ukinasa, inabaki imelala."

Boriti ile ilikuwa ya tani arobaini. Nikasimama kando yake, usawa wa katikati, Shemeji akazunguka upande wa pili, akalala kifudifudi, shavu sakafuni. Kisha nikamsikia anacheka, kicheko cha mtu aliyerudishiwa kazi yake.

"Shemeji," akaita kupitia chini ya boriti, "hivi viatu vyako mara ya mwisho umevisafisha lini?"