Mwiko Usiuache

Ziada wa kijiji cha Tingi aliweza kuendesha shamba la mikorosho na mume mwenye utani usioisha, lakini kopo moja la unga wa lishe lilimshinda.

Pazi, mumewe, alikuwa akitibiwa saratani Dar es Salaam. Nesi Salome aliwapa kopo lile, akaeleza vijiko na maji, kisha akamalizia: "Na mwiko, mama, usiuache."

Sikio lenye hofu husikia nusu. Kwao Ziada dawa ina miiko yake, na mganga asipoitaja ni kwamba amekuona mtu mzima unayeijua. Aliona haya kuuliza. Akashika miiko ya dawa za bibi yake: samaki marufuku, nazi marufuku. Pazi akawa anapewa kijiko kimoja cha unga ule ndani ya maji, na uji mwepesi, basi.

Ziada mwenyewe akawa anakwenda kula kwa jirani yake Mboni, harufu ya mchuzi isije ikamtia mgonjwa tamaa. Miaka ishirini na sita yeye na mumewe walikula sahani moja, Pazi akimwibia minofu na kuapa kwamba samaki yule kazaliwa hana mgongo. Ziada alimtamani mwizi wake. Yupo nyumbani kalala, ukuta mmoja tu kati yao, naye anamkosa kama aliyesafiri.

Siku ya kurudi hospitali, mizani ilisoma uzito wa Pazi kilo arobaini na sita. Daktari akaahirisha dripu ya dawa ya saratani kwa wiki mbili. Mwili ule usingeibeba. Uzito usipopanda, alisema, matibabu yatasimama.

"Shikamoo mama. Baba anakula nini?" Salome aliuliza.

"Marahaba, mwanangu. Dawa yako tu, na uji. Mwiko tumeushika, hata dagaa hajaonja."

Salome akamtazama, akaelewa, akajishika kichwa. "Mama! Mimi nilisema mwiko wa jikoni! Upike! Hili kopo ni nyongeza tu. Ale samaki, nazi, mayai, chochote laini anachokiweza."

Ziada alitamani ardhi ipasuke immeze.

Waliposhuka basi Nangurukuru, Ziada hakungoja kufika nyumbani. Aliagiza mgahawani wali na samaki wa nazi, sahani moja, akachambua miiba. Pazi alimeza tonge la kwanza kwa shida. La pili alikaa nalo mkononi.

"Nisamehe, baba Shaaban. Nilidhani nakuponya."

"Mimi nilidhani umeanza kujizoesha."

"Kujizoesha nini?"

"Kula bila mimi."

Ziada alinawa, akavuta sahani katikati, akala naye huku machozi yakimtoka mbele za watu. Pazi alikula matonge matano. Ziada aliyahesabu yote, akabaki akimtazama mkono, akilitamani la sita.