Obwato wa Nyuma ya Jiko

Nilikaa benchi la mbele mahakamani Kayanga, rozari mkononi, hasira imenipotezea hesabu ya sala. Mwanangu Hagenimana alikuwa kizimbani. Kwa ugomvi wa mpaka wa shamba alipewa kifungo cha nje, kwa sharti asitoke wilayani bila ruhusa. Sasa afisa anayemsimamia alidai amevuka mto wa mpakani kwa mtumbwi, kwenda ng'ambo, nchi jirani. Ikithibitika, anaingia gerezani.

"Ulimwona akivuka?" hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, nimeambiwa na mwenyekiti wa kitongoji, ndugu Melkiory."

"Yeye alimwona?"

"Aliambiwa na jirani yao. Ni mtu wa kuaminika, mheshimiwa. Tena hawa asili yao ni huko huko ng'ambo. Njia wanaijua."

Nikasimama. "Mimi nimezaliwa Nyakasimbi! Mume wangu kazikwa Nyakasimbi! Na mwanangu mmemkamata nyumbani kwangu, anakula!"

"Mama, kaa chini."

"Nitakaa, mheshimiwa. Lakini huyo jirani yuko hapo nje, nimekuja naye mwenyewe. Maneno yake yamefika hapa kwa midomo ya watu wawili, na yeye hakuna aliyemwita!"

Hakimu alimtazama afisa, kisha akaagiza aitwe.

Mackrine akaingia, khanga yake ya kanisani mabegani, Kiswahili chake cha kuokoteza. Akaapishwa.

"Ulimwambia mwenyekiti kwamba Hagenimana yuko kwenye mtumbwi?" hakimu akauliza.

"Ndiyo, baba. Alipita njiani akaniuliza yuko wapi. Nikasema, yuko kwenye obwato."

Afisa akatabasamu. Mwanangu akainamisha kichwa.

"Muulizeni huo obwato uko wapi!" nikapaza sauti.

Hakimu alinikazia macho, ila swali akaliuliza.

"Uko kwa Rweyemamu," Mackrine akajibu. "Nyuma ya jiko."

"Mtumbwi? Nyuma ya jiko?"

"Sasa aukalishe wapi, baba? Sebuleni?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. "Alikuwa anafanya nini humo?"

"Anakanyaga ndizi. Rweyemamu anaoza binti. Watu watakunywa maji?"

Hakimu alikuwa mgeni huku, ikabidi aelezwe: gogo lililochongwa la kukamulia ndizi za pombe, kwetu ni obwato. Mtumbwi wa mtoni nao ni obwato. Akaweka kalamu chini. Akamwambia afisa kwamba amemletea uvumi, akaamuru Hagenimana afunguliwe.

Nje, afisa akanifuata. "Ni lugha tu, mama, imetuchanganya. Tusameheane."

"Kusamehe nitasamehe, Mungu ameniamuru. Lakini lugha haikumtia mwanangu pingu. Nyinyi ndio mliomtia. Na ungekwenda kwa Rweyemamu, ungemkuta ana ndizi mpaka magotini."

Afisa akajifanya anatafuta funguo za pikipiki.

Tulipofika kijijini, Melkiory alikuwa dukani, ameegemea kaunta. "Mmerudi, mama? Mungu mkubwa."

"Mungu mkubwa sana. Njoo mara moja, mwenyekiti."

Nikamshika mkono. Tukavuka njia, maana kwa Rweyemamu ni ng'ambo ya njia tu. Nikampitisha kwenye migomba mpaka nyuma ya jiko. Gogo lilikuwa pale, nyasi za kukamulia zimeshikamana humo, nzi wamejaa.

"Haya, mwenyekiti. Panda."

"Nipande wapi, mama?"

"Si mtumbwi huo? Panda, univushe."