Pweza wa Ushahidi

Mkaa ulikuwa umelowa tena. Mama Pacha alipiga magoti nyuma ya boti, kati ya injini na kasha la barafu, akapuliza mpaka macho yakamtoka machozi, na alichoambulia ni moshi tu. Moshi wenyewe haukuwa na adabu. Uliiacha bahari yote ukaenda kuwaingia wageni puani.

"Wewe mama!" Kapteni alifoka kutoka kwenye usukani. "Unataka kuwakausha watu kama samaki?"

"Mkaa umelowa, Kapteni. Nilikwambia jana."

"Basi kaa upande ule uzibe kwa mgongo."

Akahama, akaziba kwa mgongo. Upepo ukageuka, moshi ukamrudia yeye.

Kazi yake ilikuwa kukata matunda, kuchoma samaki, kusuuza miwani ya maji na mirija iliyotoka vinywani mwa watu, na kutabasamu. Kukaa hakukuwemo. Kula kulikuwemo, ila baada ya wageni, kama kimebaki kitu. Wafanyakazi wengine wa boti walikuwa wawili tu: Kapteni, na kiongozi wa wageni ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Muda huo Redio alikuwa amesimama juu ya benchi, anawaeleza wageni kwa lugha yao habari za samaki wa rangi, mwamba, chakula cha mchana, na fungu la mchanga ambako wangepigia picha.

Mama Pacha aliujua mwamba ule kabla ya Redio kujua kuogelea. Mama yao alipofariki, dada yake mkubwa ndiye aliyemlea, na alimlea kwa pweza. Maji yakipwa sana, dada alikuwa anatangulia na chuma chake cha kuchokolea pweza, yeye nyuma ameshika pindo la nguo, anakanyaga pale pale dada alipokanyaga. Sare za shule zilitoka humo mwambani. Mafuta ya taa yalitoka humo. Hata harusi yake, wali wote ule, ulitoka humo.

Kisha yakaja maboya ya njano. Watu waliitwa mkutanoni wakaambiwa mwamba umechoka, sasa ni hifadhi, unapumzishwa; mtu asivue ndani ya maboya. Dada yake alisimama akauliza utapumzika mpaka lini. Akajibiwa kwamba watu watajulishwa. Kabla hawajajulishwa, zikaja boti za wageni.

Kapteni alishusha nanga ndani ya maboya. Wageni wakavaa miwani, wakang'ata mirija, wakavaa viatu vya mpira vilivyowafanya watembee kama bata, wakajitosa mmoja mmoja kwa mayowe. Maji yalikuwa machache. Bwana mmoja mnene, miwani yake ilipoingiza maji, alisimama juu ya tumbawe na kuanza kuifunga upya bila haraka. Lilipomvunjikia mguuni alihamia jingine. Redio alimwona, akamwinulia dole gumba.

Ndipo ukasikika mvumo wa boti ya doria.

Ilitokea upande wa pili wa mwamba, kwa kasi. Mbele yake kulikuwa na mtu anajaribu kukimbia ndani ya maji ya magoti, na nani amewahi kukimbia ndani ya maji ya magoti? Alianguka, akainuka, kikapu kikiwa bado mkononi. Wageni waliokuwa botini wakainuka kutazama. Walidhani anaokolewa.

Mama Pacha alimtambua kwa namna alivyoanguka, kwa upande wa kushoto, ule mguu wake mbaya. Kisu kikamkwama katikati ya nanasi.

Mlinzi wa hifadhi alimvuta yule mwanamke ndani ya boti yake, akatwaa chuma, akatwaa kikapu. Halafu hakwenda kituoni. Alikuja moja kwa moja akafunga kamba kwenye boti ya wageni, kama afanyavyo kila siku ikikaribia saa ya chakula, akapanda na kikapu.

"Kapteni, leo sikuja mikono mitupu."

Kapteni alichungulia. "He! Huo ni ushahidi au mboga?"

"Ushahidi unaoza, kaka. Afadhali uozee tumboni."

Wakacheka, wakagongana viganja. Kapteni alikipokea kikapu akakiweka mbele ya Mama Pacha. Pweza wawili, wakubwa, mikono ikijinyonganyonga bado.

"Kazi hiyo. Wageni leo watafurahi."

Mama Pacha hakukigusa. "Huyu ni dada yangu," alisema.

"Nani?"

"Huyo aliyeko kwenye boti ya doria. Dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea."

Mlinzi alimtazama, akamtazama na yule aliyeko chini, kama mtu anayelinganisha vitambaa. "Basi vizuri. Utajua kuwapika. Mmekula wengi nyie."

"Kaka, nakuomba. Pweza umeshawachukua, chuma umekichukua. Mwachie aende zake, mguu wake mgonjwa."

"Nimwachie hivi hivi?" Mlinzi aliinua nyusi. "Nile pweza wake halafu nimwachie? Hiyo si itakuwa rushwa, mama? Mbele za wageni?"

Alilisema bila kutania. Kapteni alimshika Mama Pacha kiwiko akamsogeza kwenye injini.

"Sikiliza. Wanawake wanaoitaka kazi hii wamejaa pale ufukweni, kila asubuhi nawaruka kama kamba. Usiniletee mambo ya ukoo kazini. Pika."

Pweza hapikwi hivi hivi, sharti apondwe alainike. Mama Pacha alitandika ubao, akamshika wa kwanza, akampiga. Akampiga tena. Kutoka pale alipochuchumaa alimwona dada yake chini, nguo imemganda mwilini, goti linachuruzika damu na yeye anaifuta kwa maji ya chumvi. Akapiga. Wageni waliokuwa wamerudi kutoka majini walimzunguka na simu zao, na kila alivyozidi kupiga kwa hasira ndivyo walivyozidi kufurahi.

Bibi mmoja wa makamo mwenye kofia ya ukindu hakufurahi. Alikuwa anatazama boti ya doria. Aliuliza kitu, taratibu, akielekeza kidole kwa yule mwanamke.

Mama Pacha aliyajua maneno machache ya lugha yao: karibu, samaki, moto, angalia kichwa. Neno dada halikuwamo. Alijielekeza kidole kifuani, akamwelekeza dada yake, akajirudia kifuani, akaviunganisha vidole viwili. Bibi alikunja uso, akajaribu kuelewa. Kwa kweli alijaribu. Kisha akamwita Redio.

"Mwambie," Mama Pacha alisema haraka. "Mwambie huyu ni dada yangu, amekamatwa kwa sababu ya hawa pweza ninaowapika. Mwambie hivyo hivyo, Redio, ninakuomba kwa jina la mama yako."

Redio alikohoa, akaanza. Alisema maneno mengi, akanyoosha mikono baharini, akajishika moyo. Uso wa bibi ukalegea pole pole. Macho yakamlengalenga. Aliinama akamkumbatia Mama Pacha pamoja na utelezi wake wote, akarudi kwenye benchi.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia wanawake wa hapa mnaupenda mwamba wenu kama mtoto."

"Na dada yangu?"

"Nimesema yuko mafunzoni. Anapelekwa semina." Redio aliangalia pembeni. "Usinitazame hivyo, shangazi. Na mimi nina familia."

Pweza walichomwa. Walinukia hadi Kapteni akaacha usukani. Wageni walikula kwa mikono, wakalamba vidole, samaki wakabaki sahani nzima bila kuguswa. Mlinzi alipewa sahani ya kwanza, akarudia. Mlinzi alipokuwa anamenya chungwa, Mama Pacha alichukua kipande cha pweza akakifunika kwa kiganja, akainama ukingoni.

"Dada, shika."

Dada yake alikipokea, akakitazama, akakirudisha.

"Kula wewe. Na wewe hujala."

"Dada..."

"Umeharakisha, bado mgumu. Nyumbani hakukuwa na kitu, mdogo wangu. Wapitie watoto. Usiwaambie niko kituoni, sema nimekwenda mjini."

"Nani huyo anaongea na mtuhumiwa?" Mlinzi aliuliza, mdomo umejaa.

Walipokuwa wanafungua kamba, Kapteni alimwegemea mwenzake begani. "Wageni wamependa hii kuliko samaki wangu. Kesho je?"

"Mbona kesho? Njoo nikuonyeshe." Mlinzi alinyoosha kidole upande wa mbali wa mwamba. Kule, wadogo kama nukta, wanawake kadhaa walikuwa wameinama majini, wamewapa mgongo. "Hawakosi hawa. Maji yakipwa, wapo."

"Basi naiweka kwenye ratiba."

Redio akawatangazia wageni kwamba kuanzia sasa safari ina pweza. Walipiga makofi.

Boti ya doria iliondoka. Haikuelekea ufukweni, ilizunguka polepole, injini imetulizwa, kuelekea kule kwa wale wanawake. Mama Pacha alisimama na sahani chafu mikononi. Alimwona dada yake anainuka mle botini, anayumba kwa ule mguu, anaipunga mikono yote miwili juu ya kichwa, anaipunga kwa nguvu, anaita kitu kilichomezwa na upepo. Wale wanawake hawakugeuka.

"Tazameni!" Redio alipaza sauti kwa lugha ya wageni, na hilo Mama Pacha alilielewa kwa mkono alioupunga. "Anawaaga!"

Wageni wote wakakimbilia upande mmoja, boti ikainama, wakampungia, wakampungia, bibi mwenye kofia akiwa wa kwanza, mpaka mlinzi alipomshika bega akamkalisha.