Kiganja Mgongoni

...kwa nini yule mwanamke mkaguzi wa kizuizini alimwachia apite, hilo ndilo fumbo lililomlalia moyoni miaka ishirini na mitatu na hajapata wa kumfumbulia, amelijaribu akifua, akimenya viazi, amelijaribu hata msibani watu wakidhani anamlilia marehemu, kiganja kile kilimsimama mgongoni pumzi moja, mbili, tatu, kikahisi, maana hakuna kiganja ambacho kisingehisi, halafu sauti ikasema mfunike mtoto, kuna vumbi, pita... na leo kiganja ni chake yeye, kimekwama kwenye mgongo wa mwanamke asiyemjua, ndani ya kibanda cha turubai mlangoni pa ukumbi wa mazungumzo ya amani, na chini ya kiganja, ndani ya nguo, juu kidogo ya kiuno, kuna kitu kigumu kilicholazwa ubavu, si simu, simu zote zimo kwenye sinia hapo mezani, si kisu, kisu hakina kona ile, ni bastola, kipini kimeelekea kulia, basi huyu anatumia mkono wa kulia, ona akili inavyoshika mambo ya kipuuzi mtu akiingiwa na hofu, mkono wa kulia, kana kwamba angekuwa wa kushoto ingekuwa nafuu.

Mabega, kwapa, kiuno, mapaja, vifundo vya miguu, pita mama, sekunde ishirini na si zaidi, ndivyo walivyofundishwa, tangu asubuhi amepapasa wanawake mpaka viganja vimepata joto la watu wengine, na wengi wa wakaguzi mgongo wanauruka, wanateremka ubavuni kwa sababu mgongo wa mwanamke ni mahali pa mtoto na mkono unaona haya, lakini yeye hauruki, hajawahi kuuruka, yeye anajua, alifungwa pale pale akiwa na miaka kumi na saba, kifuko cha kitambaa kilichoshonwa kama godoro dogo, risasi arobaini zimepangwa ndani kama meno, na juu yake akalazwa mdogo wake, kitinda mimba, wa miezi saba, akafungwa kwa kanga mbili, na shangazi akamwambia tembea kama umechoka, mwanangu, mwanamke aliyechoka haangaliwi na mtu... "Wee dada mkaguzi!" sauti nene kutoka kwenye foleni, mama mmoja mwenye mwili aliyekuwa akilalamika jua tangu saa mbili, "huyo unamkagua au unampima gauni?" na mwingine, "Mwache, labda kapata saizi yake," wakacheka, cheko la watu waliochoka kusimama, na mwanamke aliye chini ya kiganja hakucheka, shingo yake imekaza, shanga ndogo ya jasho imetoka nyuma ya sikio inateremka polepole, naye mkaguzi anaifuata kwa macho kana kwamba ikifika kwenye ukosi kitatokea kitu.

Maneno ni mawili, naomba maji, hayo tu, mkufunzi aliwaambia mkiipata silaha msipige kelele, semeni naomba maji, askari walio nje watajua la kufanya, siku ile walicheka, mmoja akauliza na nikiwa na kiu ya kweli je, mkufunzi akasema basi utakufa na kiu yako, wakacheka tena, lakini askari wanajua kufanya nini, wanajua lile lile moja, mwezi uliopita kule kwenye daraja mtu alisema naomba maji na turubai likatobolewa matundu, wakafa wanawake watatu waliokuwa kwenye foleni, na yule aliyeshukiwa kumbe alificha kopo la maziwa, kopo la maziwa, na hapa nyuma ya pazia kuna foleni inayocheka, kuna huyo mwenye sauti nene, kuna mama mjamzito aliyepewa kiti, hapana, ulimi umegandana na kaakaa, kinywa kikavu, kiu ya kweli hiyo sasa... na akinyamaza je, akisema pita mama, kwani nani atajua, mkono hauulizwi, mkono husema sikuhisi na hakuna wa kuubishia, mwanamke ataingia atakaa kwenye viti vya nyuma vya mama wa waliopotea, kumi walipewa nafasi hiyo baada ya kuililia mwaka mzima, na alipoulizwa jina pale mezani alisema andika mama tu, aliyekuwa akiniita hivyo hayupo, na karani akaandika mama, na mbele ya viti hivyo, kwenye meza ndefu, amekaa Kidole.

Kidole, kamanda ambaye hakuwahi kupaza sauti, alikuwa akipita mbele ya vijana waliopangwa mstari ananyoosha kidole, huyu, huyu, huyu, na hao hawakuonekana tena, leo asubuhi amekuja na koti na miwani ya kusomea, amepita akasema hongera kwa kazi, mama, hakumjua, angemjuaje, wabebaji walikuwa wengi, na mzigo ule ulikuwa wake, risasi arobaini za Kidole, alizipokea mtu wake akazimimina kwenye kofia akasema umefanya kazi ya wanaume kumi, binti, akampa sabuni kipande... na viti viwili kutoka kwake amekaa yule mtoto wa mgongoni, kitinda mimba, mwanamke mzima sasa, kalamu sikioni, katibu wa ujumbe wa wanawake, ndiye aliyegonga meza akasema hatutaki kuitwa kupika chai ya mkutano, tunataka viti, na mlangoni wanawake wakaguliwe na wanawake, na dada yangu ataongoza, mikono yake ninaiamini, ndivyo alivyosema, ninaiamini, na huyu mwenye bastola akipiga atapiga mkono ukitetemeka, nani asiyetetemeka, mara ya kwanza kila mtu hutetemeka, viti viwili ni nini, viti viwili si kitu, na hata akimpata Kidole mwenyewe, saa ile ile milima, waliko wapiganaji wake, itajibu, kesho barabara zimefungwa, keshokutwa binti fulani wa miaka kumi na saba anafungwa kifuko mgongoni akiambiwa tembea kama umechoka.

"Mama, kwema humo?" koplo, nje ya pazia, kiatu chake kinaonekana chini ya turubai, kidole cha mguu kinapigapiga ardhi, "mbona kimya?"

Labda yule wa kizuizini aliogopa tu, wazo hilo linamjia sasa kwa mara ya kwanza, miaka yote alimpa yule mwanamke moyo, mara alikuwa wa kwetu kwa siri, mara alimhurumia mtoto, mara alikuwa na binti wa umri ule, alimjengea wema chumba kwa chumba mpaka ukawa nyumba, kumbe labda alisimama hivi hivi, kinywa kikavu, foleni nyuma, bunduki pembeni, akaona kila mlango una kifo nyuma yake, akafungua uliokuwa karibu, mfunike mtoto, kuna vumbi, na baadaye akaenda nyumbani akaungoja mlio, nani amlaumu, na hilo nalo si jibu, ni jingine la kuweka juu ya yale mengine, ila zile arobaini zilikwenda mahali, hazikuyeyuka, kila moja ilikuwa na mtu wake, na huyu aliyesimama hapa amekuja kutoka mbali, viatu vimejaa vumbi jekundu, kijana wake alisimama mstarini siku moja, na kidole kikanyooka, na aliyempiga alipata wapi cha kumpigia... usimalizie, usiliwaze mpaka mwisho hilo... lakini limekwisha kuwazwa.

"Mama!" koplo tena, na sauti imeshuka, imekuwa makini, "unataka maji?"

Pazia limetikisika, ni upepo au ni mtutu, na mgongo chini ya kiganja si wa muuaji wala wa shujaa, ni mgongo wa mtu aliyefungwa kitu na wengine au aliyejifunga mwenyewe usiku kucha akilia, nani ajuaye, na mkaguzi anaisikia sauti ikimtoka kwa uchovu wa kila siku, "Sina kiu, baba, huyu zipu yake imekwama," na foleni ikaguna, na mwenye sauti nene akasema si nilisema ni fundi cherehani, kisha mkaguzi akasogeza mdomo mpaka karibu na sikio lile lenye jasho, kiganja hakikuondoka, wala hakikukandamiza, akanong'ona, "Dada, hata mimi nilibeba hapo hapo. Risasi. Zangu zilipita."

Shanga ya jasho imefika kwenye ukosi, na hakikutokea kitu, ila shingo iligeuka kidogo, jicho moja tu likaonekana, jekundu, halina chozi, na jicho hilo lingeweza kufanya lolote, alijua, alikuwa amelipatia sababu zote.

"Zikaenda wapi?"

"Sijui, dada. Mpaka leo sijui."

Nje kiatu cha koplo kinaendelea kupigapiga, ndani ya ukumbi mtu anajaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili, na chini ya meza, karibu na miguu yao minne, kuna ndoo ya vitu vilivyokatazwa, mikasi, visu vya jikoni, chupa, na shauri lililokatwa hapo ni hili, kwamba bastola haitapita na hatakufa mtu, lakini si mkaguzi aliyelitimiza, yeye viganja vilikuwa vimekufa ganzi, ni mkono wa kulia wa yule mama ulikuja nyuma polepole, ukakikuta kiganja, ukakisogeza kando taratibu, kama unavyomsogeza mtoto aliyelalia nguo yako, na ukaanza kulifungua fundo la kitambaa kilichoishika bastola.