Niliomba Muuguzi

Kaka yangu Harmen alikuwa fundi wa piano. Uzi mmoja ukilegea kidogo tu, alikunja uso kama mtu aliyeuma ndimu. Maradhi yalimwanza akiwa na miaka thelathini. Akadai majirani wanapitisha umeme ukutani ili umwingie mwilini. Daktari Bouma alihangaika naye miaka kumi na tano, mpaka Harmen akakubali, kwa shingo upande, kwamba umeme huo haupo.

Januari ile akaacha dawa. Zilimtetemesha mikono, na mikono ndiyo iliyomlisha.

Jumanne asubuhi nilimkuta jikoni kwake, amezima taa zote, ameshika ule ufunguo wake wa kukazia nyuzi.

"Dada, usiguse swichi. Leo wameongeza."

"Nani kaongeza? Kaa, tunywe kahawa."

"Kahawa itachemkia wapi na jiko nimelizima? Wewe Wietske, unavyozeeka ndivyo unavyozidi ubishi."

Nikacheka, naye akacheka kidogo. Nikatoka mlangoni, nikapiga simu ya dharura. Nikasema ni mgonjwa, hajamgusa mtu, naomba muuguzi wa wagonjwa wa akili. Nilirudia mara mbili. Yule wa simu akauliza kama ana kitu mkononi. Nikajibu ukweli.

Wakaja askari wawili: Kuipers, mwanamume mnene wa makamo, na binti mmoja ambaye koti la kazi lilimpwaya. Nilikuwa nimesharudi ndani, na Harmen alikuwa ameanza kuvuta kiti akae.

"Sogea, mama," akasema Kuipers.

"Ametulia. Nipeni dakika tano tu."

"Nimesema sogea! Wewe, weka chini hicho chuma!"

Harmen hakuwahi kuvumilia kelele. Akaziba masikio, ufunguo ukiwa bado kwenye ngumi.

"Kuipers, ngoja, hata hajatusogelea…" akasema yule binti.

Hakumaliza. Bastola ya umeme mkononi mwa Kuipers ililia kama bisi kwenye sufuria, nyaya mbili zikamnasa Harmen kifuani. Kaka yangu akakakamaa, akaanguka mzimamzima, mdomo ukagonga ukingo wa jiko. Nilisikia meno.

"Achia!" Kuipers akapiga kelele, akabonyeza tena. Harmen alikuwa chini tayari.

"Hawezi kuachia! Ni wewe unayemkaza!"

Akabonyeza mara ya tatu. Mimi nilisimama na simu mkononi. Watu hawa niliwaita mimi.

Walipomfunga pingu, Harmen akageuza uso uliojaa damu. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu ambaye hatimaye amepata shahidi.

"Umeona, dada? Umeona kwa macho yako?"



Hospitalini alikataa kumtazama Daktari Bouma. Yule mzee akanifuata koridoni. "Miaka kumi na tano nimemwambia hakuna mtu anayemtia umeme," akasema. "Sasa nimwambie nini?"

Nililalamika kwa maandishi. Baada ya miezi minne nikajibiwa kwamba askari alifuata utaratibu, kwa kuwa mhusika alishika chuma. Yule binti alikuwa ameandika maelezo yaliyopingana na ya mwenzake. Nikasikia ameacha kazi.

Harmen sasa anaishi nami. Tangu siku ile kidole gumba cha kulia hakikunjiki, na piano hataki hata kuisikia redioni. Septemba akaacha tena dawa, akaanza kuziba soketi kwa karatasi ya gundi. Muuguzi anayetutembelea akaniuliza, hali ikiharibika wikendi nitampigia nani.

"Simpigii mtu," nikamwambia.

Nikaomba likizo kazini. Siku tatu nilikaa naye, nikimkatia mkate mweusi na jibini, nikimsaidia kuziba soketi alizonionyesha. Alinitukana sana. Siku ya nne, bila kuambiwa, akanyoosha kiganja, nikamwekea kidonge.

Nilikuwa na bahati. Najua hivyo, na sijui itadumu mpaka lini.