Askari Wanne Kipande Kimoja

Kila Jumamosi baada ya sala, fundi saa alikuwa akija kwa shemeji yake mjane kupigana vita. Vita vyenyewe vilikuwa vya askari wa mbao, wafupi kama kidole gumba, aliowachonga marehemu mume wa mjane, na uwanja ni meza ya kukatia nguo. Kikosi kimoja watu ishirini. Kila askari wa mbele anarushiwa dadu yake, ikitoka nne kwenda juu amempiga adui, na anayepigwa anaondolewa mezani. Ndivyo marehemu alivyoziweka kanuni, na hakuna aliyezigusa.

Lakini mikono ya fundi saa ikaanza kutetemeka. Akisogeza askari mmoja, anaangusha watatu. Alicheka, akasema jeshi lake limelewa. Jumamosi iliyofuata akaleta udhuru wa kazi nyingi, na iliyofuata tena. Nyumba ilikuwa imepooza, na mjane alijua shemeji akizoea kutokuja, ndiyo basi tena.

Akachukua gundi na kadibodi, akaanza kuwabandika askari wanne wanne kwenye kila kipande. Kwa yule wa kwanza mkono ulisita. Akamwombea marehemu, akaendelea. Kisha akatuma salamu kwamba macho yake yamechoka kuhesabu kichwa kimoja kimoja, shemeji aje wazipange kanuni upya.

Fundi saa alikuja amenuna. Marehemu angesemaje? Hata hivyo akaketi. Wakapatana kila kipande kirushe dadu moja, na kikipigwa kiondoke. Vita vikaisha kabla chai haijapoa. Mjane akasema hivyo si vita, ni kufagia uwanja; pigo moja linauaje watu wanne? Fundi saa akakuna kidevu. Basi pigo la kwanza kipande kiwekewe kifungo cha shati, la pili ndipo kiondoke.

Safari hii vikosi vilisukumana mpaka jua likahama dirishani. Fundi saa alisogeza vipande kwa kiganja kizima, na hakuna askari aliyeanguka. Macho yake yakatua kwenye sindano iliyochomekwa kwenye kitambaa, uzi mwembamba umeshatungwa.

"Shemeji, macho yanayotunga uzi huu bila miwani ndiyo yameshindwa kuona askari?"

"Rusha dadu. Au umeogopa?"

"Nikuogope wewe? Wiki ijayo naja na vifungo vyangu. Hivi vyako vina upendeleo."

Akarusha. Dadu ikabingirika hadi chini ya cherehani. Mjane akapiga magoti, akaitazama.

"Moja," akasema.

Fundi saa hakuamini. Akaja kuinama mwenyewe.