Mtu wa Langoni

Suruali ilikuwa yangu, mkanda ulikuwa wa shemeji, na masharubu yalikuwa masizi ya tanuri yaliyopakwa kwa kidole. Aliyekuwa ndani ya vitu hivyo vyote ni mama yangu mzazi, miaka sitini na mbili, amesimama katikati ya jukwaa la ukumbi wa mji, mikono nyuma, anawaangalia watu mia tatu kama mwalimu anayesubiri darasa linyamaze. Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, na mimi ni mtu ninayecheka hata kwenye vikao vya nidhamu. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia, karatasi za mchezo zimeloa jasho mkononi, macho yangu yako kwenye kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango, alipokaa mjomba.

Kutoka kwenye kiti kile hadi nje ni hatua mbili. Mjomba akinyanyuka, basi tena. Yeye na mama walikuwa hawajasemezana miaka ishirini na tisa, na mchezo mzima, kwa mama, ulikuwa wa mtu huyo mmoja tu. Wale wengine mia tatu walikuwa wamejaza ukumbi tu.

Mwaka ule mji wetu uliandaa mashindano ya michezo mifupi ya kuigiza. Kila sehemu ya kazi ilete mchezo wa dakika kumi kuhusu ilikotoka: zamani kulikuwa vipi, nini kimebadilika, nani alikibadilisha. Hospitali, posta, idara ya maji, na sisi wa kiwanda cha mikate. Meneja akaniita. Mimi nilikuwa ofisa utumishi, stashahada yangu iko ukutani ndani ya fremu, na kwa akili za meneja mtu mwenye stashahada anaweza kuandika chochote, kuanzia barua ya onyo mpaka mchezo wa kuigiza.

"Andika habari za mama yako," akasema. "Mwanamke wa kwanza kushika tanuri. Majaji watalia."

Habari za mama pale kiwandani zilikuwa zinajulikana kuliko muda wa kuingia kazini. Zamani wanawake walikuwa wanafunga mikate tu, tanuri lilikuwa la wanaume. Lile joto, walisema, mwanamke hawezi. Utadhani nyumbani kwao walikuwa wanapikiwa kwenye barafu. Halafu siku moja mama akachukua beleshi la mbao, lile lenye mpini mrefu kuliko mtu, akaingiza mikate, akaitoa, na hata mmoja haukuungua. Picha yake iko mapokezi mpaka leo, amekunja uso kwa sababu mpiga picha alimwambia atabasamu.

Picha haisemi kwamba siku hiyo wanaume wote wa tanuri walikuwa nje ya lango, wamegoma. Walitaka zamu zipunguzwe, maana watu walikuwa wanazimia kwa joto. Walikuwa na haki kabisa. Na mmoja wao alikuwa kaka yake mama, huyu mjomba, ndiye aliyemtafutia mama ile kazi ya kufunga mikate baba alipofariki. Mgomo ukaisha, zamu zikapunguzwa kweli, ila wanaume saba hawakurudishwa kazini. Mjomba akiwemo. Akaishia kuchora vibao vya maduka.

Tangu hapo wakawa wanaongea kupitia kwangu. Nilikuwa na miaka kumi nilipopewa kazi hiyo ya utarishi, bila barua ya ajira wala likizo. Siku ya harusi yangu mwenyewe, nimevaa suti, nimeketi katikati yao, mjomba ananiinamia: "Mwambie mama yako chakula hakina chumvi." Mama, ambaye amesikia kila neno: "Mwambie mjomba wako chumvi iko mezani na mikono anayo." Bibi harusi akaniuliza kama ndiyo tutakavyoishi.

Basi nikaandika mchezo. Nikaandika vizuri, najisifu. Wagomaji wameziba lango. Kiongozi wao, niliyemwita Mtu wa Langoni, anatoa hotuba ndefu ya kuwadharau wanawake. Mama, ambaye ataigizwa na binti wa mapokezi, anampiga kikumbo, anapita, muziki unapanda. Mtu wa Langoni nikampa msimamizi wa tanuri, tunayemwita Bwana Hamira kwa jinsi kitambi chake kinavyoumuka mwaka hadi mwaka.

Siku tatu kabla ya mashindano nikamwita mama aje kuona mazoezi kwenye ghala la unga. Akakaa juu ya gunia, mkoba mapajani. Bwana Hamira akashusha hotuba yake, mate yanaruka. Tulipomaliza, wote tukamgeukia mama, tunasubiri makofi.

"Huyu mnene ni nani?" akauliza.

"Ndiye Mtu wa Langoni, mama."

"Mtu wa langoni alikuwa kaka yangu."

"Sijataja undugu, mama. Ni mchezo tu."

"Na hayo matusi aliyatoa lini? Ulimsikia wewe? Wewe ulikuwa darasa la nne, unalia na hesabu za kugawanya."

Ghala zima likacheka. Mama akasubiri wamalize.

"Halafu mkutano mmeuweka wapi?"

"Mkutano upi?"

"Wa kuamua mgomo. Unajua walikutana wapi? Chumba cha kubadilishia nguo cha wanaume. Sisi wanawake kumi na wanne tumesimama nje na kofia zetu, tunasikia sauti tu. Tungeingiaje, tufumbe macho? Wakatoka wakasema, tumeamua. Mmeamua na nani? Kesho yake mimi nikaenda kazini kama kawaida. Sikumsaliti mtu. Hakuna aliyeniuliza."

Hilo nilikuwa sijawahi kulisikia. Nimekula kwake, nimelala kwake, nimesomeshwa naye mpaka stashahada, halafu nimeandika kurasa tisa za maisha yake bila kumuuliza swali hata moja. Nikajiona na mimi nimo chumbani mle mle na wale wanaume, mlango nimeurudishia.

"Nitaongeza hicho kipande," nikasema.

"Ongeza. Na huyu baba apumzike. Mtu wa langoni nitakuwa mimi."

"Mama, yule ni mwanaume!"

"Tumezaliwa tumbo moja. Namjua anavyosimama."

"Mpe, bosi, mpe upesi!" Bwana Hamira akadakia. "Hiyo hotuba yenyewe nimeshika nusu. Nusu nyingine huwa nakohoa."

Tulipotoka nje mama akanishika kiwiko. "Mwambie mjomba wako aje. Usimwambie kama naigiza, mwambie aje tu. Akiondoka katikati, ameondoka. Siku ile nilimpita sikumwambia kitu. Sasa yeye ana presha, mimi nina magoti. Nataka aone ninachokumbuka kabla sijakisahau."

Mjomba nilimkuta juu ya ngazi, anachora kibao cha kinyozi. Nikampa ujumbe. Akachovya brashi, akavuta mstari wa sikio la yule mtu aliyemchora kwenye kibao.

"Kasema mama yako?"

"Kasema mama."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mjomba."

Alikuwa bado analivuta lile sikio. Likawa kubwa kama sahani. Yule kinyozi alilalamika baadaye, ila mimi najua sababu.

"Nitaangalia," mjomba akasema.

Siku ya mashindano watu wa hospitali walitangulia. Mchezo wao ulikuwa wa ujio wa chanjo, na mgonjwa wao alikufa taratibu mno hivi kwamba jaji mmoja aliangalia saa mara mbili, na alipokufa alipigiwa makofi akainuka kushukuru. Idara ya maji wakamwaga ndoo ya maji ya kweli, kwa hiyo sisi tukaingia kwenye jukwaa linaloteleza.

Kipande cha chumba cha kubadilishia nguo kilifanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Wanaume nyuma ya shuka wanapiga kelele za mkutano, wanawake huku nje wametega masikio. Binti wa mapokezi aliposema, "Tuingie tumefumba macho?" akina mama ukumbini waligonga viti. Meneja, kiti cha mbele, alikuwa ameacha kutabasamu. Yeye alitaka tanuri, sisi tumemletea mgomo.

Ndipo mama akaingia na suruali yangu.

Kicheko kilipotulia, wagomaji nyuma yake wakaanza, "Asipite mtu! Asipite mtu!" Upande wa pili akatokea binti wa mapokezi, aproni, kichwa mbele, anatembea haraka. "Huyo ni dada yako! Mzuie!" wakapiga kelele.  Mama alisimama na mikono nyuma, kifua mbele kidogo, bega la kushoto limeshuka. Nilikuwa nimeona msimamo ule maisha yangu yote bila kuuona. Nikaangalia kule mwisho. Mjomba alikuwa ameinuka nusu, mkono mmoja umeshika kiti cha mbele yake, na bega lake la kushoto limeshuka vilevile.

Binti akafika langoni. Hotuba yangu, hata neno moja mama hakulisema. Alipiga hatua moja pembeni, akageuza uso upande mwingine, kama mtu aliyeona kitu cha muhimu kule barabarani. Binti akapita.

"Umempisha!" wakapiga kelele wenzake. "Umempisha!"

"Nani?" mama akasema, bado ameangalia kule. "Mimi sijaona mtu."

Nikasikia maji ya idara ya maji yanadondoka kutoka ukingo wa jukwaa. Halafu makofi. Nilipoangalia tena kule mwisho, kiti kilikuwa kitupu.

Tukapata nafasi ya tatu kati ya nne. Jaji mkuu alisema mchezo ni mzuri, ila yule mhusika wa langoni msimamo wake haukueleweka. Meneja aliniambia tutaongea Jumatatu.

Nikaenda kumtafuta mama. Nilimkuta uani nyuma ya ukumbi, kwenye bomba, anasugua masharubu. Masizi yakawa yamesambaa mpaka mashavuni. Hakuniuliza habari za mjomba. Naona alikuwa amekiona kile kiti kabla yangu.

"Sikusimama," sauti ikasema.

Mjomba alikuwa kwenye kona ya ukuta, kofia mkononi. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anamwambia mama mwenyewe.

Mama hakugeuka upesi. "Ulisimama," akasema, maji yanamtiririka kidevuni. "Ukanipisha."

"Sikukupisha. Niliambiwa nisimame pale nizuie. Nilipokuona unatokea kule kwenye duka la baiskeli, nikakaa chini. Mtu aliyekaa atamzuia nani? Nikajifanya nafunga kamba za viatu."

"Mimi nakumbuka umesimama."

"Utakumbukaje? Hata kuniangalia hukuniangalia."

Mama akafunga bomba. "Ningekuangalia," akasema, "ningerudi nyumbani."

Mjomba akaikunja ile kofia, akaikunjua. 

"Na viatu vyenyewe," akasema hatimaye, "nilikuwa nimevaa kandambili."

"Nini?"

"Kandambili, wewe! Nimeinama pale dakika nzima nafunga kamba za kandambili. Wenzangu wananiangalia. Walininunia mpaka wengine wamekufa na kinyongo chao."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na yale masizi yakaandika mistari usoni. Mjomba naye akacheka, kicheko cha puani, cha mtu aliyekaa na kichekesho chake peke yake miaka mingi akikosa wa kumsimulia.

"Haiwezekani," mama akasema. "Ulikaaje? Nionyeshe."

Mjomba akaweka kofia chini. Akajishusha kwenye ukingo wa sementi, polepole, goti moja kisha la pili, akainama, vidole vikacheza juu ya kiatu. "Hivi. Kichwa chini hivi. Nikaona miguu yako tu inapita."

"Ilikuwa inatetemeka," mama akasema.

"Niliiona."

 Kisha mjomba akajaribu kunyanyuka, ikawa shughuli. Akanyoosha mikono. "Haya, niinue."

Nikasogea nisaidie.

"Wewe kaa huko," wakaniambia wote wawili kwa pamoja.

Mama akafuta mikono kwenye suruali yangu, akamshika viganja, akavuta. Mjomba hakuinuka. Wakapumua, wakahesabu moja, mbili, akavuta tena. Wapi. Mama akamwangalia, akaiangalia ile sementi, akapangusa vumbi kidogo kwa kiganja, akakaa chini pembeni yake.

"Tukae kwanza," akasema.